Jua Kwanza, Stima Baadaye: Somo Kuhusu Nyaya za Hita ya Maji

Somo la leo limetokana na swali ambalo kamati za zahanati na shule za bweni zimetuuliza zaidi ya mara moja: "Tulinunua hita ya jua ili bili ya stima ipungue. Mbona imepanda?"

Swali hilo si dogo. Kuna kituo kimoja cha afya katika sehemu zetu, hatutakitaja, ambako pesa za tokeni za mwezi mzima ziliisha kabla ya tarehe 20. Usiku huo kulikuwa na mama katika uchungu wa kuzaa. Taa zikazimika. Mkunga alimzalisha kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mlinzi wa lango, naye akiwa amegeuza uso upande wa ukuta. Mtoto ni mzima, na mama yake pia. Lakini asubuhi kamati ilikaa kikao kirefu, wengine wakimlaumu mwenye kushika pesa, wengine wakisema kuna mtu anapikia stima kisirisiri. Sisi tuliitwa tuangalie. Mwizi alikuwa kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, ndani ya kisanduku cha ukutani. Tutarudi kwake baadaye, kwa maana ili umwelewe mwizi huyo ni lazima kwanza uielewe nyumba aliyoingia.

MOTO WA AINA MBILI KATIKA TANGI MOJA

Hita nyingi za jua tunazoziona juu ya paa huku kwetu zina sehemu mbili: bapa au mirija myeusi inayokamata joto, na tangi lililolala juu yake. Maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na yale baridi hushuka chini kuchukua nafasi yao. Hakuna pampu wala stima. Jua likiwaka vizuri mwezi wa Januari, jioni utakuta maji yenye nyuzi 60 au zaidi bila kulipa senti.

Taabu ni kwamba jua halina mkataba na mtu. Mvua ya Aprili na Mei ikishika, au mawingu ya Agosti yakishuka kutoka Mlima Elgon na kukaa siku tatu, maji hubaki vuguvugu. Kwa hiyo watengenezaji hutia ndani ya tangi fimbo ya stima, ile mafundi wanayoiita elementi, ya kilowati 2 au 3. Hilo ndilo joto la ziada. Ni msaidizi tu, na neno hilo msaidizi ndilo somo lote la leo.

Fikiria shamba la mahindi. Unao wanao wanne wa kupalilia, na unamjua kibarua mmoja wa kukodi ambaye ana nguvu kuliko wote. Mtu mwenye akili huwaachia wanawe walime mpaka alasiri, kisha anaangalia mistari iliyobaki. Ikiwa imebaki mitatu, anamwita kibarua amalizie hiyo mitatu, na atamlipa ya mitatu. Lakini kibarua huyo akifika alfajiri kabla ya wengine kuamka, atalima shamba zima. Wanao watatoka na majembe yao wakute hakuna kazi, nawe utalipa shamba zima. Hapo hakuna aliyekuibia. Ulimwita mapema, basi.

Elementi ndiyo kibarua huyo. Ikiruhusiwa kuchemsha maji saa yoyote, jua linapotoka linakuta tangi limekwisha jaa joto, na halina la kufanya.

Tuweke hesabu, kwa maana kamati hupenda hesabu. Lita 200 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 zinahitaji karibu uniti 9.3 za stima. Elementi ya kilowati 3 itafanya kazi hiyo kwa saa tatu na dakika chache. Tukichukua uniti moja kuwa shilingi 25 kwa mfano (wewe soma bei yako kwenye risiti ya tokeni), ni kama shilingi 230 kwa siku, karibu 7,000 kwa mwezi. Sasa jua likiwa limekwisha yafikisha maji hayo nyuzi 48 kufikia jioni, zimebaki nyuzi 12 tu. Hizo ni uniti 2.8, shilingi 70 kwa siku, 2,100 kwa mwezi. Tangi ni lile lile na elementi ni ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kuitwa.

WAYA MNENE NA WAYA MWEMBAMBA

Fungua kisanduku cha hita (tunasema kwa mfano tu, usifungue kabla ya kusoma sehemu ya usalama hapo chini) utaona nyaya za namna mbili. Kuna nyaya nene, ambazo hubeba nguvu yenyewe kwenda kwenye elementi. Kilowati 3 kwa volti 240 ni ampea 12.5, na huo si mzigo wa mchezo. Waya mwembamba kwa mzigo huo hupata moto, plastiki yake hulainika, na mwisho wake ni nyumba kuungua. Halafu kuna nyaya nyembamba. Hizi hazipashi maji. Kazi yake ni kupeleka amri.

Mahali ambapo amri hukutana na nguvu panaitwa kontakta. Ni kama askari wa lango. Ndani yake kuna koili ya waya. Stima kidogo ikipita kwenye koili hiyo, inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na pointi nene zinagusana. Utasikia "tak!" Stima kubwa inapita kwenda kwenye elementi. Stima ya koili ikikatika, springi inasukuma chuma kirudi, pointi zinaachana, lango limefungwa. Askari huyu hana akili yake mwenyewe. Hajui saa wala hajui maji yana joto gani. Anangoja amri tu kutoka kwa waya mwembamba.

Basi anayetaka kujua kwa nini bili imepanda asianze na waya mnene. Afuate ule mwembamba.

Katika hita iliyofungwa vizuri, waya huo wa amri hutoka kwenye sakiti breka ndogo, unaingia kwenye taima, unatoka unaingia kwenye themostati, kisha ndio unafika kwenye koili ya kontakta. Kutoka upande wa pili wa koili unarudi kwenye nyutro. Taima inaulizwa: je, saa imefika? Themostati inaulizwa: je, maji bado ni baridi? Wote wawili wakisema ndiyo, koili inapata stima. Mmoja akikataa, amri inakatika njiani. Kufuatana huku kwa swichi moja nyuma ya nyingine ni kama hundi ya kikundi inayotaka sahihi mbili. Mwenyekiti peke yake hatoi pesa, na mweka hazina peke yake hatoi pesa.

Lakini swichi zaweza pia kuwekwa ubavu kwa ubavu, kila moja na njia yake. Hapo yeyote akisema ndiyo, inatosha. Hiyo ni hundi ya sahihi moja, na kila mwanakikundi ana kalamu.

Mnaweza kuyaona haya wenyewe katika kikundi bila hatari yoyote. Chukueni mawe mawili ya tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande vya waya na swichi mbili (hata vipande vya bati vinavyogusana vitafaa). Fungeni swichi moja nyuma ya nyingine, mjaribu. Kisha zifungeni ubavu kwa ubavu, mjaribu tena. Watoto wa darasa la sita huelewa kwa dakika tano. Watu wazima huchukua muda zaidi kwa sababu kila mmoja anataka kushika betri.

TAIMA NA SAA ZETU ZA KISWAHILI

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi tuliyoyaona yako hapa.

Kwa tangi la kituo ambako watu huoga jioni na mkunga huhitaji maji usiku, dirisha zuri la kuruhusu stima ni saa 11 jioni hadi saa 1 na nusu usiku. Jua limemaliza kazi yake, na bado kuna nafasi ya saa mbili na nusu kumalizia hata kama siku ilikuwa ya mawingu matupu. Siku ya jua kali, themostati itakataa yenyewe baada ya muda mfupi, au haitakubali kabisa.

Sasa, sahani ya taima imeandikwa namba 1 hadi 24, kwa saa za kizungu. Saa 11 jioni hapo ni 17. Saa 1 na nusu usiku ni 19 na nusu. Tumekuta mahali ambapo kijana aliambiwa "iwashe saa 11, izime saa 1 na nusu," naye kwa utiifu akaweka 11 na 13 na nusu. Stima ikawa inachemsha maji saa 5 mchana, jua likiwa utosini. Kijana hakukosea kusikia. Aliyemtuma ndiye hakukumbuka kwamba kifaa hicho hakijui Kiswahili. Andikeni kwenye karatasi saa zote mbili, ile yetu na ile ya sahani, na mbandike ndani ya mlango wa kisanduku.

La pili ni kukatika kwa stima, jambo ambalo wakazi wa Misikhu hawahitaji kuelezwa. Taima za bei nafuu zina mota ndogo inayozungushwa na stima yenyewe. Stima ikipotea saa tano, taima nayo inasimama saa tano, kisha inaendelea pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia siku hiyo saa 11 jioni yake ni saa 4 usiku yetu. Wagonjwa wanaooga saa 1 wanapata maji baridi. Nunueni taima yenye betri ya akiba ndani yake. Bei ni juu kidogo, lakini baada ya kukatika mara mbili tatu mtaona faida yake.

MWIZI WETU

Sasa turudi kwa kile kituo. Mambo yalikuwa hivi. Stima ilikatika mara kadhaa, taima ikachelewa, na kina mama waliojifungua wakaanza kulalamika kwamba maji ni baridi. Sista wa wodi akaita fundi. Fundi alikuwa na haraka, akaona themostati ni nzima, kontakta ni nzima, taima tu ndiyo inakataa. Akachukua kipande cha waya, akakifunga kutoka mlango wa kuingilia wa taima hadi mlango wa kutokea. Mafundi huita hiyo jampa. Akasema ni kwa muda tu, atarudi na taima mpya. Maji yakawa moto usiku na mchana, sista akafurahi, fundi akalipwa, na kila mtu akasahau.

Umeona kilichotokea? Jampa ile iliwekwa ubavu kwa ubavu na taima. Ikawa sahihi ya pili haihitajiki tena. Themostati peke yake ikawa inaamua, na themostati haijui jua ni nini; inajua tu kama maji ni baridi au moto. Mama mmoja akioga saa 12 asubuhi, maji baridi yakaingia kwenye tangi, themostati ikasema ndiyo, elementi ikawaka, na jua lilipopanda likakuta kazi imefanywa. Ikawa hivyo kila siku, miezi kadhaa. Hakuna kilichoharibika kwa macho. Hita iliyoharibika hulalamikiwa, lakini hita inayotoa maji moto wakati wote husifiwa.

Hatumlaumu sana fundi yule. Alijibu lalamiko aliloambiwa, na hakuna aliyemwambia habari za bili. Lakini kuna njia bora ya kumsaidia mkunga anayehitaji maji moto usiku wa manane. Funga ubavuni mwa taima kitufe cha dakika, yaani taima ndogo ya kuzungusha kwa mkono ambayo baada ya saa moja inajizima yenyewe. Mkunga anazungusha, anapata saa moja ya stima, na hata akisahau, kifaa hakisahau. Swichi ya kawaida haifai hapo. Swichi ya dharura ikiwashwa haizimwi, tumeona mara nyingi.

USALAMA, NA HAPA HAPANA MCHEZO

Waya wa amri ni mwembamba lakini katika hita zetu unabeba volti 240 zile zile. Unaua sawasawa na ule mnene. Tena mara nyingine amri hutolewa kwenye breka tofauti na ile ya nguvu. Unazima swichi kuu ya hita ukidhani umemaliza, kumbe koili bado ina stima. Zima zote mbili, pima kwa kipimo, halafu ndipo uguse. Kazi yenyewe ya kufunga ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Somo hili ni la kukuwezesha kumuuliza maswali, si la kuchukua bisibisi yake.

Muulize kama swichi kuu inakata laivu na nyutro zote mbili. Muulize waya wa ardhi umefungwa wapi kwenye tangi. Na muulize swali moja ambalo wengi hawalijui: pointi za kontakta zikiungua na kushikana, nani atazima? Kwa maana hapo taima na themostati zaweza kukataa mpaka zichoke, askari amekwisha ganda na lango li wazi. Ndiyo sababu fimbo nzuri ya elementi ina kikomo cha pili cha usalama, ambacho hukata njia ya nguvu yenyewe maji yakipita kiasi, na hakirudi mpaka mtu akibonyeze kwa mkono. Kikomo hicho kikikatika msikibonyeze tu na kuendelea, tafuteni sababu. Bomba la kupumulia au valvu ya kutoa mvuke lisizibwe kamwe, hata kama linadondosha maji na kuchafua ukuta. Tangi lililozibwa kila upande huku moto unaendelea hupasuka kama bomu.

Maji ya nyuzi 60 nayo humuunguza mtoto kwa sekunde chache. Tusiyashushe sana katika tangi, maana vijidudu hupenda maji ya vuguvugu, lakini kwenye bafu la wodi yachanganywe na ya baridi kwanza, na mama apime kwa kiwiko.

NDUGU ZETU WALIO NG'AMBO

Wapo wasomaji wenye watoto huko Dallas au Atlanta, ambao husikia kwenye simu habari za bili ya Januari inayotisha. Ni jambo lile lile kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za huko hupashwa joto na pampu ya joto. Ni kama friji iliyogeuzwa: inanyonya joto kutoka hewa ya nje, hata ikiwa baridi, na kulileta ndani. Kwa uniti moja ya stima yaweza kuleta joto la uniti mbili au tatu. Hao ndio wana wa shamba. Ndani ya mashine hiyo kuna elementi pia, na huyo ni kibarua: uniti moja ya stima, uniti moja ya joto, hakuna nyongeza.

Nyaya zao za amri hubeba volti 24 tu kutoka kwa transfoma ndogo, na kila mlango wa themostati una herufi. R huleta stima, C huirudisha, G huendesha feni, Y huwasha kompresa, O au B hugeuza mwendo wa gesi kati ya kupasha na kupoza, na W2 humwita kibarua. Themostati hutuma Y kwanza. Nyumba ikibaki nyuma kwa nyuzi kadhaa, au muda ukipita bila kufika, ndipo inatuma W2. Tena mashine ya nje ikishika barafu, hugeuka kwa dakika chache kujiyeyusha, na wakati huo yenyewe humwita kibarua ili hewa baridi isiwapulizie watu ndani. Mtu akitoka kazini usiku na kuipandisha themostati kwa ghafla nyuzi tano, inaona iko nyuma sana na inaita W2 mara moja. Na kuna swichi ya dharura ambayo huizima kompresa kabisa na kumwachia kibarua shamba zima. Ni ya siku mashine imeharibika. Wengine huiwasha wakidhani dharura maana yake ni baridi kali. Mwambie mwanao aiangalie.

JINSI YA KUJUA BILA KUFUNGUA KISANDUKU

Mita ya tokeni ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu yake pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Zikiwa 1000, basi kilowati 3 huifanya ipepese mara 50 kwa dakika. Nendeni kwenye mita saa 3 asubuhi, wakati elementi haina ruhusa, mkiwa mmezima friji kwa dakika moja na taa zote. Mwombe mtu afungulie maji moto kidogo ili tangi liingize ya baridi. Ngojeni dakika kumi. Hesabuni kwa saa ya mkono. Mkipata mipepeso miwili au mitatu, hita yenu inalisubiri jua. Mkipata 50, mwiteni fundi, na mwambieni kabla hajapanda ngazi kwamba mnataka aanze kwa kutafuta jampa kwenye taima. Msisahau kuiwasha friji ya chanjo kabla ya kuondoka hapo.